Karatasi ya Meno Sita

Chupa ilirudi kutoka maabara ya Kalkuta siku ya Jumatatu, imeviringishwa kitambaa cheupe na kupigwa lakiri, na ripoti yake ilikuwa na mistari minne tu. Ketaki Sanyal, mkaguzi wa dawa wa wilaya, aliisoma akiwa wima kwenye kibaraza cha zahanati ya Daktari Anadi Bagchi, maana hakutaka kuingia ndani kabla ya kujua anaingia kama nani. Dawa iliyosalia chini ya chupa haikuwa na kosa lolote. Kila kitu kilitiwa kwa kipimo chake, hadi tone la mwisho. Ikiwa ni hivyo, kilichomuua Mwalimu Gaurhari Kundu hakikuwa ndani ya chupa. Kilikuwa kimebandikwa nje yake.

Mji wetu wa Palashdanga umekunywa dawa za chupa tangu enzi za babu zetu. Unakwenda na chupa yako uliyoiosha, daktari anaandika, mchanganya dawa anachanganya, kisha anabandika ubavuni ukanda mwembamba wa karatasi uliokatwa meno. Jino moja, dozi moja. Huhitaji kijiko wala kujua kusoma, unamimina mpaka jino linalofuata na kunywa, basi. Chupa ya Mwalimu ilijazwa dozi kumi na mbili, asubuhi na jioni kwa siku sita. Lakini ukanda uliokuwa juu yake ulikuwa na meno sita. Ukifuata meno hayo unakunywa dozi mbili kila mara, na chupa inakwisha siku ya tatu. Nayo dawa yenyewe ilikuwa ya moyo, dawa isiyo na masihara, ikizidi inausimamisha moyo uleule iliotumwa kuusaidia. Mwalimu, mzee wa miaka sabini na mmoja, alikata roho alfajiri ya siku ya nne.

Mkosaji alikwisha patikana, tena alijileta mwenyewe. Phatik Pramanik, mchanganya dawa wa zahanati ile kwa miaka arobaini, alikwenda kituo cha polisi siku ileile maiti ilipochomwa, akasema macho yake yana mtoto wa jicho na amekata sita badala ya kumi na mbili. Polisi wakaandika, wakamwambia arudi kazini asiondoke mjini. Kilichobaki ni sahihi ya Ketaki kwenye ripoti ya kuifunga zahanati. Prasun, mtoto wa pekee wa marehemu, aliyekuja kutoka Kalkuta kwa mazishi, alikuwa amemfuata ofisini mara mbili kuidai sahihi hiyo.

"Ninyi watu wa mji huu mnapenda kufa kwa mazoea," alimwambia. "Kalkuta hakuna anayekunywa dawa ya chupa tena. Kuna vidonge, kimoja kimoja, na idadi imeandikwa. Ifunge ile nyumba ya makumbusho kabla haijaua mwingine."

Hilo la vidonge lilikuwa kweli, na Ketaki alilijua. Tatizo lake lilikuwa jingine. Yeye mwenyewe alizaliwa mitaa mitatu tu kutoka zahanati ile, na tumbo lake la utotoni lilitibiwa kwa chupa zile, na alipopandisha ngazi za kibaraza harufu ya ndani ilimpokea kabla ya mtu yeyote: karafuu, spiriti, mbao za kabati la zamani, na kitu kitamu ambacho hakupata kamwe kukijua jina. Alijikuta anameza mate kama mtoto. Alijikasirikia, akakunja uso, akaingia.

Zahanati ilikuwa haijatibu mtu kwa siku tisa. Daktari mwenyewe aliifunga. Hata hivyo benchi la wagonjwa lilikuwa limejaa, maana watu hawakuacha kuja. Bibi mmoja mwenye kikohozi aliambiwa na Ketaki kwamba leo hakuna kazi. Bibi akamjibu kwamba hakuja kutibiwa, amekuja kuugulia hapa, nyumbani hakuna anayemsikiliza.

Daktari Bagchi alikuwa mezani kwake, mguu mmoja juu ya kigoda, goti limefungwa kitambaa cha sufu. Alikuwa na miaka sabini na minne na alionekana ameiongeza mitano kwa wiki moja. Alimtazama Ketaki kutoka kichwani hadi miguuni, si kama mtu anayemtazama mkaguzi.

"Kibibi," alisema. Ndilo jina lake la nyumbani, na miaka kumi hakuna aliyemwita hivyo. "Tumbo linasemaje siku hizi?"

"Nimekuja kwa kazi, Daktari."

"Najua. Ndiyo maana nauliza. Ukiwa na kazi ngumu lilikuwa linakukata upande wa kushoto."

Lilikuwa linamkata upande wa kushoto. Hakumwambia. Aliomba daftari la wagonjwa, akalisoma neno kwa neno: Gaurhari Kundu, moyo, dozi kumi na mbili, mbili kwa siku. Mwandiko wa daktari ulitetemeka kidogo lakini tarakimu zilisomeka. Akauliza kama anaamini Phatik alikosea. Daktari akasema Phatik hajakosea kuhesabu tangu Waingereza waondoke, ila mtu akisema amekosea, na chupa ipo, na maiti ipo, wewe utamwambia nini? Kisha akashusha sauti.

"Kuna jambo hujaniuliza. Kila ninayempa dawa ile, siku ya tatu nakwenda kwake mwenyewe, namshika mkono, nasikiliza moyo. Nimefanya hivyo miaka yote. Safari hii goti lilivimba, mvua ilikuwa inanyesha, nikatuma salamu kwamba nitakuja kesho. Ningekwenda, ningejua. Andika hilo, Kibibi, na uliandike kabla ya jina la Phatik."

Ketaki aliliandika. Kalamu ilikwenda polepole kuliko kawaida yake.

Phatik alikuwa chumba cha nyuma, kwenye meza yake ya dawa, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya kisogo. Alisimama kama mshtakiwa alipomwona. Ketaki alivuta kigoda kilekile alichokuwa anakalia akiwa na miaka saba, alipokuwa anangoja dawa ya mama yake, na Phatik alikuwa anakata ukanda na kumwachia vipande vidogo vya pembetatu vilivyoanguka mezani. Ketaki alikuwa anavikusanya kwenye kibiriti kitupu. Aliwahi kuwa navyo zaidi ya mia mbili, na hadi leo hajui vilipotelea wapi.

"Mjomba," alisema, "nikatie ukanda. Dozi kumi na mbili, chupa kama ile."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mkaguzi amesema."

Phatik alitoa kipande cha kalenda ya zamani, upande mweupe. Alikikunja kwa urefu, akakikunja tena kwa upana, na tena. Mkasi ukalia mara chache. Pembetatu zikaanguka mezani. Alipoufungua ukanda, meno yalikuwa kumi na mawili kushoto na kumi na mawili kulia, yanatazamana kama watu wanaocheza ngoma. Wakati wote huo hakuangalia mikono yake, alikuwa anamwangalia Ketaki.

"Sasa wa dozi sita."

Akakunja kwa namna nyingine, akakata, akafungua. Sita huku, sita kule.

"Macho yako ni mabovu kweli?"

"Mabovu sana, mwanangu."

"Na mikono?"

Ketaki alivunja lakiri, akaifungua chupa kutoka kwenye kitambaa na kuilaza kando ya kanda zile mbili mpya. Hata kipofu angeona kwa vidole. Ukanda wa chupa ya Mwalimu ulikuwa na meno upande mmoja tu, upande wa pili umenyooka. Haukukunjwa mahali popote. Ulikatwa kwa wembe, taratibu, na kwenye ncha ya kila jino kulikuwa na kitone kidogo cha penseli, vyote vikiwa na nafasi sawa. Ketaki alivipima kwa rula. Havikupishana hata unywele.

"Kwa nini huwa unakunja, Mjomba?"

"Kukunja ndiko kunakofanya meno yalingane. Asiyekunja itabidi apime."

"Huyu alipima."

Ketaki akavuta kopo la gundi lililokuwa pembeni. Gundi ya zahanati ile ilikuwa ya unga wa ngano, nayo ilikuwa na rangi ya samawati kwa sababu ilitiwa mrututu ili mende wasile karatasi. Kanda zote za Phatik zilikuwa na ukingo wa samawati, mtoto yeyote wa mji wetu anaujua. Ukanda wa Mwalimu haukuwa na samawati. Kwenye kona yake ya chini, chini ya karatasi, kulikuwa na uvimbe mdogo, na Ketaki alipougusa kwa ncha ya sindano ilitoka nusu punje ya wali mkavu.

"Siku hizi unabandika kwa wali?"

"Gundi iliisha siku ile."

Ketaki aliliinamisha kopo kuelekea kwake. Lilijaa mpaka shingoni, na juu kulikuwa na gamba la wiki nyingi.

"Wanasema njia ya mwongo ni fupi, Mjomba. Wewe hata viatu hujavaa. Sasa nisikilize. Unajua leseni iliyoko ukutani ni ya nani? Kosa la mchanganya dawa ni kosa la daktari wake. Wewe utakwenda jela, na yeye atafutwa kwenye orodha ya madaktari akiwa na umri huu, na mlango huu utapigwa misumari. Hayo ndiyo uliyoyaungama."

Uso wa mzee ulibadilika. Alikaa chini ghafla, akavua miwani, na kwa muda alihangaika na uzi wake kama amesahau unafunguliwaje. Ni wazi hakuna aliyemwambia. Alidhani kosa ni la aliyelikiri, yeye peke yake, na sheria itaishia hapo.

Alipoanza kusema, alisema yote. Asubuhi ya msiba alimbebea daktari mkoba mpaka nyumbani kwa Mwalimu. Wakati daktari akiwa na maiti, yeye alipita jikoni kuomba maji, akaiona chupa dirishani, tupu. Akahesabu meno. Alijua papo hapo kwamba ukanda si wake, na alijua pia umefanya nini. Kisha akarudi chumbani, akamkuta Mama Mwalimu ameketi miguuni kwa mumewe anarudiarudia kwamba alimpa kwa wakati, asubuhi na jioni, hakukosa hata mara moja.

"Amemnywesha kwa mkono wake, Kibibi. Miaka hamsini mke na mume. Mimi nimwambie wewe ndiye? Angeishije? Mimi sina mke wala mtoto, na jela wanakula mara mbili kwa siku."

Ketaki aliinuka akaenda dirishani na kumpa mgongo, akajifanya anatazama barabara. Machozi yalikuwa yamemjaa machoni na hakutaka Phatik ayaone. Alimkasirikia sana mzee huyu, na alimpenda, na vyote viwili vilikuwa haviwezi kuandikwa kwenye ripoti.

Basi alibeba chupa akaenda nyumbani kwa Mwalimu kwa miguu, ni mwendo wa dakika tano kupita bwawa. Sikukuu ya mungu Mama Durga ilikuwa imebakiza wiki mbili na mafundi walikuwa wanafunga mianzi ya banda kwenye uwanja wa shule. Nusu ya mafundi wale walisoma kwa Mwalimu, kama alivyosoma yeye, barazani kwake alfajiri, mikeka miwili, wasichana huku na wavulana kule. Mwalimu alikuwa na sheria moja asiyoitania. Hakuna kufuta. Ukikutwa na raba alikunyang'anya akaitupa bwawani, na samaki wa bwawa lile, tulisema, walikuwa wanajua kuandika bila madoa. Kosa liache palepale lilipo, alisema, andika jibu sahihi chini yake. Anayefuta atakosea tena kwa sababu hatakumbuka alipita wapi.

Prasun alimfungulia. Wao wawili walikuwa rika moja, waliwahi kugombania chaki moja, lakini sasa alimkaribisha kwa "Mheshimiwa Mkaguzi" yenye ncha. Mama Mwalimu alikuwa jikoni, amevaa sari nyeupe ya ujane isiyo na pindo, ambayo alikuwa hajaizoea bado, anaivuta begani kila mara. Alimtengea Ketaki chai na bisi za mchele bila kuulizwa. Kwenye ukingo wa dirisha kulikuwa na chupa ya asali iliyosimamishwa ndani ya bakuli la maji, na sisimizi wamezunguka bakuli wasijue la kufanya.

"Mama Mwalimu," Ketaki alisema, "dawa nayo ilikuwa inakaa namna hiyo? Ndani ya bakuli?"

Mwanamke alitikisa kichwa kukubali. Dawa ilikuwa tamu, sisimizi ni wengi msimu huu.

"Tangu ilipofika?"

"Tangu ilipofika."

"Na gundi bado mbichi."

Mama Mwalimu aliacha kuvuta sari. Ketaki alieleza, polepole na kwa heshima, alichokwisha kukijua: kwamba ukanda wa Phatik ulilowa, ukabanduka ukaelea kwenye bakuli kabla dozi ya kwanza haijanywewa, kwamba ukanda huu mwingine ulikatwa humu ndani na kubandikwa kwa wali wa humu ndani, kwamba Phatik amejitwika asichokifanya. Hakuuliza ni nani. Aliliacha swali mezani pamoja na chai.

Prasun ndiye aliyelipuka. "Sasa naona. Umeshindwa kumfungia daktari wako wa utotoni, umekuja kumsingizia mama yangu. Mumewe hajamaliza hata siku kumi."

Mama yake hakujitetea. Alikuwa ameinamisha kichwa, midomo ameibana, na Ketaki, aliyewahoji watu wengi wenye hatia, alianza kuona kwamba huu si uso wa mtu anayeficha kosa lake mwenyewe. Mwenye kosa hutazama mlango au hutazama mikono yake. Mama Mwalimu alikuwa ametazama rafu ya vitabu ya mumewe, akaondoa macho haraka, kisha yakarudi palepale.

Ketaki akavifikiria vile vitone vya penseli. Mwanamke huyu alikata mboga maisha yake yote kwa kukisia, na hakukosea. Angekata karatasi hivyohivyo. Nani katika nyumba hii angechukua rula kugawanya karatasi ya dawa?

Aliichukua chupa akaenda nayo dirishani. Lebo ya zahanati ilifunika sehemu ya upande wa mbele, kwa hiyo hakuna aliyekuwa amefanya jambo dogo kabisa, kuuangalia mgongo wa ukanda kupitia kwenye kioo. Maabara walikuwa wameiosha chupa vizuri. Aliigeuza kidogo kidogo mpaka jua lilipopita ubavuni mwa lebo, na ndani, kupitia kioo, upande uliopakwa wali, akaona wino mwekundu. Ulikuwa umechujuka. Maneno matatu yalipangwa moja chini ya jingine, kama yanavyopangwa kwenye pambizo nyembamba ya daftari. Hakuhitaji kuyasoma. Aliyapata kwenye daftari lake mwenyewe mara nyingi kuliko alivyopenda kukumbuka, na kila aliyepita kwenye baraza ile aliyapata, kwa mwandiko uleule uliolalia kushoto.

Alimpa Prasun chupa. Prasun aliigeuza hivi na hivi, kisha mkono wake ukatulia.

"Soma swali tena," alisoma.

Mama yake alifunika uso.

Prasun alikwenda kwenye rafu mwenyewe. Nyuma ya vitabu kulikuwa na rundo la madaftari yaliyofungwa kwa kamba ya katani, yasiyo na vumbi. La juu lilikuwa lake, darasa la nne, hesabu za kugawanya, jina lake kwa herufi kubwa za mtoto. Ukurasa mmoja ulikuwa umekatwa pambizo kwa wembe, umenyooka kama mstari wa rula. Alibaki ameushika.

"Alikuwa anayaweka?"

"Yote," mama yake alisema. "Kila ikikaribia sikukuu, alipokuwa anakungoja, aliyapangusa."

Prasun alikuja sikukuu mbili tu katika miaka kumi. Aliketi sakafuni pale pale alipokuwa amesimama, na hasira aliyokuja nayo kutoka Kalkuta haikuonekana tena imekwenda wapi.

Hapo ndipo Mama Mwalimu alipozungumza. Alipouona ukanda unaelea alitaka kurudi nao kwa Phatik. Mwalimu akakataa. Akasema kugawa chupa ni hesabu ya darasa la tatu, hatuwezi kumsumbua Phatik kwa hilo. Alikumbuka siku sita, akagawa kwa sita. Alipima kwa rula, alifurahi, aliimba alipokuwa anakata, siku nyingi hakuwa na hesabu ya kufanya. Siku ya pili alimgombeza kwamba ametia manjano kwenye wali, na wali ulikuwa mweupe. Alidhani anamtania; hakujua kwamba dawa ile ikizidi, macho huona kila kitu manjano. Siku ya tatu dawa ilipokwisha alishangaa, na Mwalimu akamwambia Phatik amezeeka, siku hizi anajaza chupa nusu.

"Halafu nikasikia Phatik kajipeleka polisi," alisema. "Nikajua mara moja. Nikanyamaza. Siku tisa nimenyamaza, na yule mzee hata kula anakula hapo kwake peke yake. Lakini, binti yangu, miaka thelathini na minane mji huu umejifunza kugawa kwake. Sasa kwenye vibanda vya chai waseme kumi na mbili zilimshinda? Aliyekuwa anawacheka wenzake kwa kosa la tarakimu moja?"

Nje fundi mmoja alikuwa anapiga msumari. Ketaki angeweza kumkumbusha sheria, na Phatik, na daktari na benchi lile la wagonjwa wanaokuja kuugulia mahali wanaposikilizwa. Alikuwa na haki ya kufanya hivyo. Lakini alikaa tu, akala bisi mbili tatu, kwa sababu alijua sheria ya nyumba hii na alitumaini mwenye nyumba naye angeikumbuka.

Mama Mwalimu alichukua daftari kutoka mikononi mwa mwanawe. Hakujua kusoma sana, ila alijua ukurasa ulivyo: mstari wa kosa uliokatwa mara moja kwa wino, haukufutwa, na chini yake jibu jingine. Alilishika hivyo kwa muda, kidole kikiwa kwenye pambizo iliyokatwa.

"Raba aliitupa bwawani," alisema mwisho. "Hata ya mwanawe. Alilia siku mbili huyu." Akamrudishia Ketaki chupa kwa mikono miwili. "Usifute, mwanangu. Andika chini yake."

Ketaki alifungua faili palepale sakafuni. Ungamo la Phatik hakulichana, alipiga mstari mmoja juu yake na kuandika chini yake yaliyokuwa kweli. Aliandika pia kwamba daktari hakufika siku ya tatu. Aliandika kwamba kuanzia leo kila chupa itakayotoka zahanati ile itaandikwa idadi ya dozi kwa maneno, juu ya lebo, na dawa ya moyo itatolewa kwa vidonge peke yake, maana ukanda wa karatasi tulioupenda sisi sote hauwezi kuaminiwa mbele ya bakuli la maji. Hilo lilimuuma kuliko yote, na aliliandika kwa mwandiko ulionyooka. Prasun alilisoma, akaweka sahihi kama shahidi, kisha akauliza kama Mjomba Phatik bado anapenda samaki wa haradali.

"Mwulize mwenyewe," mama yake alisema. "Kamlete aje ale."

Jioni Ketaki alipopita zahanati, mlango ulikuwa wazi na bibi wa kikohozi alikuwa anasikilizwa kifua. Daktari alikuwa ameacha daftari la wagonjwa mezani, limefunguka kwenye ukurasa wa Mwalimu. Chini ya maneno dozi kumi na mbili alikuwa ameongeza mstari kwa mkono wake: siku ya tatu sikwenda. Chumba cha nyuma hakikuwa na mtu. Kwenye kigoda chake cha zamani kulikuwa na kibiriti, na alipokisukuma kidogo kwa kidole alisikia kitu chepesi kinatikisika ndani. Kilikuwa kimejaa pembetatu, zilizokatwa mchana ule.